Tiki za Kitabu cha Lango

Wiki iliyopita nilipanda mlimani Wanale, kijijini kwetu, kufungasha vitu vya baba. Matanga yalikuwa yamekwisha, majirani wamerudi kwenye migomba yao, na nyumba ina kimya kile cha kumfanya mtu akohoe makusudi. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku la sare, nilikuta kitabu cha lango. Wewe ndugu yangu huwezi kujua ni kitabu gani, basi kaa nikusimulie, maana tangu siku hiyo mimi mwenyewe silali vizuri.

Baba alikuwa askari magereza Jinja. Tuliishi Mpumudde, nyumba ya vyumba viwili, na asubuhi zetu zilinuka pasi ya makaa. Kazi yangu ilikuwa kuipepea mpaka makaa yawake, halafu kukimbilia maji kabla foleni ya bombani haijawa ndefu. Bibi alitutumia malewa kutoka Wanale, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, na mama aliyapika kwa njugu huku akiimba nyimbo za kwaya.

Mama alifariki nikiwa na miaka tisa. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu, kwenye rekodi ya mazoezi ya kwaya ambayo baba aliinasa kwa simu akaihamishia kwenye kompyuta. Katikati ya wimbo mama anakatiza, ananiambia, "We mutoto, funika ile sufuria," kisha anaudaka wimbo palepale alipouachia. Kila Jumapili baada ya kula tuliisikiliza, baba na mimi. Nilikuwa nasubiri ile sufuria tu.

Basi kompyuta ile ya mezani, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, baba aliilinda vilevile alivyolinda lango kazini. Chochote cha kuingia ndani yake alikiita mgeni, iwe flashi, sidii au programu. Kila mgeni aliandikwa kitabuni ametoka wapi na ameletwa na nani. Baba akishamkagua akaridhika, anampigia tiki nyekundu. Juu ya ukurasa aliandika jina la mwenye zamu, ambalo siku zote lilikuwa lake. "Hakuna tiki, hakuna kuingia," alisema. Jirani yetu, dereva Mkenya wa malori, alikuwa haachi kumtania. "Afande, sasa unataka flashi nayo ivue viatu?"

Jumamosi moja baba aliitwa kazini ghafla. Nilikuwa nimefika miaka kumi. Jirani alikuwa ametuletea flashi yenye gemu ya magari, baba ameshaikagua na tiki yake ipo. Akaandika jina langu juu ya ukurasa, akaninong'oneza neno la siri la kompyuta, akanipigia saluti. "Leo zamu ni yako, afande. Mimi iko narudi jioni." Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho.

Nikaanza kuiingiza ile gemu. Katikati likatokea dirisha lenye orodha ya programu nyingine tano nisizozijua, kila moja na kisanduku chake, na kila kisanduku tayari kimepigwa tiki. Mtoto wa nyumba nyingine labda angesita. Mimi nililelewa na kitabu. Kwangu tiki ilikuwa mkono wa baba, na nikaona hawa wameshakaguliwa, kilichobaki ni kuwafungulia. Nikaandika neno la siri, nikabonyeza kuendelea, na nilijisikia fahari sana.

Hata muda wa uji kuchemka haukupita, madirisha yakaanza kujifungua yenyewe kwenye skrini. Nikifunga moja yanakuja mawili. Mwanamume nisiyemjua akawa anacheka ndani ya spika, anacheka tu. Nikachomoa waya ukutani, nikaifunika kompyuta kwa kitambaa chake, nikaenda kukaa nje.

Baba aliporudi nilimwambia, "Umeme ulikatika, ukarudi na nguvu." Aliniangalia kidogo, akasema, "Haya."

Fundi wa mjini alikaa nayo siku mbili. "Afande, hii iliingiliwa. Mafaili iko, lakini ni majina tu. Ndani hakuna kitu."

"Hata ile ya kwaya?"

"Hata hiyo, bwana. Pole."

Baba alikikunja kile kitambaa mara nne, taratibu, akakitia mfukoni. Njiani alininunulia chapati ya mayai, nikaishika mkononi mpaka nyumbani. Hakuniuliza neno, siku hiyo wala siku nyingine. Nami sikumwambia. Sikumwambia nilipomaliza shule, wala nilipoolewa, wala mwezi ule wa mwisho aliokuwa kitandani na mimi ndiye niliyemlisha.

Leo ninaishi Malukhu, mjini chini ya Wanale, na watoto wangu wana kompyuta. Akaunti yao haiwezi kuingiza programu yoyote. Yangu ina neno la siri ambalo sijamnong'oneza mtu. Programu nachukua kwa mtengenezaji mwenyewe, nasoma kila dirisha mpaka mwisho, na tiki nilizozikuta nazitoa moja moja kabla ya kuendelea. Wananicheka, wananiita afande. Hawajui kwamba mfuniko wa sufuria ukitikisika jikoni mimi hugeuka, na kila nikigeuka hakuna mtu.

Jana ndipo nilipopata moyo wa kukifungua kitabu. Ukurasa wa Jumamosi ile upo. Chini ya flashi ya jirani, kwa mwandiko wa baba, wameandikwa wageni watano wa dirisha lile, kwa majina ambayo bila shaka fundi alimpa, bila tiki. Nikatazama juu, mahali pa mwenye zamu. Jina langu limekwanguliwa kwa wembe, na juu yake ameandika lake.

Kumbe alijua. Jumapili zote zile za kimya tukila malewa, alijua. Karatasi pale imebaki nyembamba, ukiinua dirishani mwanga unapita. Niliinua, nikashusha, nikainua tena. Maneno ya kumwambia ninayo tele sasa, na langoni hakuna mtu wa kuyapokea.