Mitiki ya Jirani Yangu Ilipopukutika

Jirani yangu alistaafu Dar es Salaam akiwa na cheo, na cheo hicho alihama nacho. Wengine wakistaafu huleta makochi na jokofu. Yeye alileta sauti. Alijenga nyumba ya vioo vya buluu upande wa Bigwa, pale milima ya Uluguru inapoanzia, na eneo lote lililobaki lilikuwa la mitiki aliyoipanda miaka kadhaa kabla, akiwa bado kazini. Ilisimama kwa mistari kama askari wa gwaride. Kila mgeni alizungushwa humo kabla hajapewa hata maji ya kunywa.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa sekondari, na nyumba yangu inatazamana na lango lake. Upande wa pili wa uzio wake palikuwa na bustani ya mjane mmoja wa Kiluguru, mama mtu mzima tuliyemwita Bibi tu. Alilima kabichi, mchicha na figili, na alfajiri alishusha mzigo wake sokoni Mwembesongo. Nilinunua mboga kwake tangu nilipohamia pale.

Mwaka ule wa kwanza wa kustaafu kwa jirani yangu, masika yaliisha mapema. Mwezi wa saba mitiki ikaanza kugeuka rangi ya kutu, na majani yakawa yanaanguka kwa kishindo, maana jani la mtiki likikauka huwa gumu kama kipande cha boksi. Kwa mtu yeyote aliyekaa Morogoro kiangazi kizima, hilo si habari. Lakini yeye kabla ya hapo alikuwa akija Pasaka na Krismasi, misimu ambayo hapa kwetu hata nguzo ya umeme inaweza kuota majani. Alikuwa na shamba la mitiki kwa miaka na hakuwa amewahi kuiona uchi.

Asubuhi moja alinipungia mkono kutoka langoni kwake. Hakuniita kwa jina wala hakungoja salamu.

"Mwalimu, njoo uone uhalifu."

Nikavuka. Alinionyesha miti kama mtu anayeonyesha maiti.

"Mzee, hii haijafa," nilimwambia. "Inapunguza matumizi. Jani lina vitundu vidogo upande wa chini, na kwa vitundu hivyo mti unapoteza maji mchana kutwa. Udongo ukikauka, mti wenye majani mapana hivi hauwezi kuyalisha yote. Unayaangusha, unasubiri mvua."

"Mbegu hizi nilizichagua mwenyewe," alisema. "Ni mbegu bora. Haziangushi majani."

Nilikwangua gome la tawi moja kwa ukucha, chini yake pakatokea kijani kibichi. Nikamwonyesha. Alitazama ukucha wangu, hakutazama tawi.

Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba. Pale, jirani na shimo la maji machafu ya bafuni, palisimama mtiki mmoja umejaa majani, kijani hadi juu.

"Huu je? Kama ni kiangazi, mbona huu haukuguswa?"

"Huu unakunywa maji yako ya kuoga, mzee."

Alicheka kile kicheko cha watu waliozoea kuchekewa na walio chini yao. "Huu haukuguswa kwa sababu mbwa wangu anafungwa hapa. Mwenye sumu aliogopa kusogea."

Niliwahi kufundisha watoto wazito wa kuelewa, na wengine walirudia darasa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ushahidi mbele ya macho yake, wenye kivuli cha kutosha kuegesha gari, akauita mbwa.

Mwenye sumu, kwa hesabu zake, alikuwa Bibi. Bibi alikuwa na bomba la mgongoni la kupulizia kabichi dawa ya viwavi, kama mkulima mwingine yeyote wa mboga kwenye miteremko ile. Jirani yangu alikuwa amemwona akipulizia karibu na uzio. Basi, kesi imekamilika. Kwamba kabichi za Bibi, zilizopuliziwa dawa yenyewe, zilikuwa zimenona kuliko uso wa mzee huyo, hilo halikumsumbua.

Akampeleka Bibi kwa mwenyekiti wa mtaa. Nilikwenda bila kuitwa. Jirani yangu alifika na gari, akashusha kreti za soda na katoni ya maji, akasema ni joto tu, wajumbe wasikauke koo. Wajumbe walikunywa. Wanaume wazima, wenye mashamba, waliozaliwa mlimani na kuona miti ikipukutika kila kiangazi tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, walikaa na mirija mdomoni wakitikisa vichwa kwa masikitiko juu ya mitiki ya tajiri. Jirani yangu nilimdharau kwa ujinga wake. Hawa niliwadharau zaidi, kwa sababu walijua.

Niliomba kusema. Niliwaeleza habari ya mti wa bafuni. Niliwaambia jinsi tulivyopanda Uluguru nilipokuwa mwanafunzi wa chuo, tukakuta mti wa aina moja ukiwa na jani pana na laini bondeni penye kivuli na unyevu, na kule juu mgongoni mwa mlima, kwenye upepo na baridi, jani lake dogo, nene, gumu kama ngozi ya kiatu. Mti haubadilishi majani kwa kupenda wala kwa kurogwa. Unayakata kulingana na mwanga, maji na upepo unaoupata, kama fundi anavyokata nguo kulingana na kitambaa alicholetewa. Niliwaomba waite hata afisa misitu aangalie.

"Ahsante, mwalimu," alisema mwenyekiti. "Ya shuleni tumeyasikia. Sasa tunatafuta amani."

Amani aliyoipata ilikuwa hii: Bibi asipulizie tena dawa upande wa uzio, na aombe radhi ili mambo yaishe. Hakuna aliyesema ana kosa. Aombe radhi tu.

Bibi alisimama. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Niombe radhi ya nini? Mimi ndiye nimezuia mvua?"

Mjumbe mmoja akamwambia, "Mama, punguza maneno."

"Nimepunguza," alisema, akatoka.

Habari ilifika sokoni kabla yake. Kufikia wiki iliyofuata wateja walikuwa wanageuza mchicha wake, wananusa, wanarudisha. Yule mama anayeua miti ya watu kwa sumu, eti mboga zake nani atakula? Nilinunua nilichoweza, lakini bustani nzima haiwezi kuishi kwa sufuria ya mwalimu mmoja. Aliacha kwanza mchicha, kisha kabichi. Kabla ya mvua za vuli alifunga vyombo, akapanda mlimani kwa mdogo wake, karibu na misheni.

Mvua zikaja. Mitiki ikachipua kwa fujo, kama inavyochipua kila mwaka, majani yakapanuka hadi mtu angeweza kujifunika kichwa kwa moja. Ukifikicha jani changa la mtiki, vidole vinageuka vyekundu; jirani yangu alikuwa akiwaonyesha wageni vidole vyake kwa fahari, kana kwamba rangi ile ameitengeneza yeye.

"Umeona, mwalimu?" alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara. "Tangu yule mama aondoke, miti inapumua!"

"Imenyesha, mzee."

"Ninyi wasomi mna ubishi."

Kiangazi kilichofuata majani yakaanguka tena, yote, isipokuwa ya mti wa bafuni. Bustani ya Bibi ilikuwa kichaka. Nilisubiri nione jirani yangu atasema nini, na nakiri nilisubiri kwa hamu. Hakusema samahani. Alisema ni moshi wa takataka ninazochoma mimi. Mwenyekiti alinitumia mjumbe kuniuliza. Nilimpa mjumbe jani kavu, nikamwambia akalisomee huko ofisini. Sikuitwa tena, labda kwa kuwa mwalimu ana midomo, na mjane wa kabichi hakuwa na mtu.

Jumapili moja nilipanda kumtembelea Bibi. Kule juu ukungu ulikuwa haujaondoka ingawa jua lilikuwa limepanda, na kila kitu kilikuwa kibichi. Nilimkuta na mdogo wake wakipalilia karoti. Nilimweleza habari ya moshi wangu. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Rudi kule chini, Bibi," nilimwambia. "Wameshasahau."

"Wamesahau, eeh," alisema. "Mimi nikae na watu wanaosahau namna ile?"

Alinifungia karoti na majani yake, akakataa kupokea chochote. Niliporudi, jirani yangu alikuwa amesimama langoni na wageni wengine, akijiandaa kuwazungusha mitikini. Nilimwambia shikamoo, kwa sababu nimelelewa. Akaitikia marahaba kwa ile sauti yake ya cheo, nami nikafungua mlango wangu nikaingia ndani.