Mwanarusi atafuta kamera ya kuwasitiri maharusi

Saa tatu asubuhi, duka la Tahir mjini Thika lina mteja mmoja tu, na mteja huyo hana haraka hata kidogo. Mwanarusi Feruzi amepanga kamera tatu juu ya meza ya kioo. Amevua miwani, ameivaa tena, na sasa anaigeuzageuza ile ndogo ya rangi ya fedha kama mtu anayetafuta mahali ilipopasuka.

"Filamu inaingilia wapi?" anauliza.

"Hakuna filamu, Mama Salim. Nimekuambia hii ni dijitali."

"Na kuosha?"

"Hakuna kuosha."

Mwanarusi anamtazama Tahir kwa jicho la mtu aliyewahi kuuziwa maziwa yenye maji. Anainua kamera, anamlenga Gachanja, mvuta mkokoteni anayepita barazani na magunia ya viazi, na kubonyeza. Picha inajitokeza kwenye kioo kidogo nyuma ya kamera. Gachanja anauacha mkokoteni njiani na kuja kujiona.

"Sasa hii yangu itatoka lini?" anauliza.

"Haitoki. Hii naifuta."

"Unafuta? Kwani nimekosa nini?"

Mwanarusi anabonyeza tena, na Gachanja anatoweka kwenye kioo. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii ya Agosti 1999, mama huyu anatabasamu.

Mteja mwingine angefurahia kuona picha ikitokea papo hapo. Yeye amefurahi kuiona ikifutika, na sababu yake imemtesa kwa miaka miwili.

Mwanarusi ana umri wa miaka 41. Alizaliwa mtaa wa Majengo, Thika, babu yake akiwa Mmanyema aliyekuja kufanya kazi ya reli na nyanya yake Mkikuyu aliyesilimu. Siku hizi anaishi Kimbo, Ruiru, na watoto wake wanne. Alianza kwa kukata picha za pasipoti katika studio moja ya Thika, hadi akanunua kamera yake mwenyewe iliyokwisha kutumika.

Wapiga picha mjini ni wengi, na karibu wote ni wanaume. Lakini kulikuwa na mahali ambapo hawakuweza kumfuata. Katika arusi za Waislamu wa Majengo, wanawake huwa na sherehe yao. Mabuibui huvuliwa, nywele huachwa wazi, bi harusi hupambwa kwa hena na dhahabu, na hakuna mwanamume anayevuka lango, awe mjomba au mwenye nyumba.

"Wao walikuwa na kamera kubwa kuliko yangu," anasema Mwanarusi. "Mimi nilikuwa na mlango."

Mlango huo ulikuwa na kasoro moja ambayo kila mtu aliijua na hakuna aliyeitaja. Filamu ni lazima ioshwe, na mashine zote za kuosha picha alizozijua, Thika na Ruiru, zilishikwa na wanaume. Mwanamke akicheza nywele wazi Jumamosi, kijana wa studio alimwona Jumatatu.

"Tulikuwa tunajifanya hatujui," anasema huku akicheka kidogo. "Filamu ikitoka kwangu ni kama ilienda kuoshwa na malaika."

Mwaka 1997 malaika hao walionekana. Mwanarusi alipiga picha za arusi ya Hayat, msichana wa jirani aliyemjua tangu akibebwa mgongoni. Moja ilitoka vizuri mno. Bi harusi alikuwa amegeuza uso nusu, anacheka, nywele zimemwagika mabegani na hena imefika viwikoni. Mwenye studio ilikooshwa aliipenda, akaikuza, akaiweka dirishani pamoja na picha nyingine za kuvutia wateja, kama studio zote zifanyavyo.

Shemeji yake Hayat alikwenda hapo kupiga picha ya leseni ya udereva. Akakutana na mke wa kaka yake akiwachekea wapita njia.

Mwanarusi alikimbilia studio akiwa bado na unga mikononi. Mwenye studio, Mkristo ambaye hakuwa na nia mbaya hata chembe, alishangaa kweli. "Mama, kuna watu wananibembeleza niwaweke hapo," alimwambia. "Huyu nimemweka bure."

Aliitoa picha siku hiyohiyo na kuomba radhi. Lakini habari zilikuwa zimeshafika Majengo. Wazee wa pande mbili walikutana, maneno yakawa mengi, na mwishowe picha zote za arusi zikachomwa pamoja na negativu zake. Adan, mumewe Hayat, hakupiga kelele wala kumpa mkewe talaka kama wengine walivyobashiri. Hayat akabaki mke wa mtu bila hata picha moja ya siku aliyoolewa.

"Nilikutana na mamake Hayat sokoni, akavuka barabara," anasimulia Mwanarusi. "Mtu nimekula kwake tangu utotoni. Nililia pale kwa vitunguu, sitakudanganya. Na hakuwa na makosa. Nilipaswa kumwambia yule mtu wa studio asiweke picha nje. Sikuwaza, kwa sababu tulikuwa hatusemi."

Tangu hapo hakuna aliyemwalika. Alirudi kwenye picha za pasipoti, ubatizo na siku za kufunga shule, kazi inayompa kati ya shilingi elfu nne na elfu sita kwa mwezi. Inauma kumsikia akieleza jinsi arusi zilivyopita karibu na nyumba yake, vigelegele anavisikia, naye yuko jikoni anachambua mchele.

Kisha mwaka huu mambo mawili yakatokea karibu pamoja. Kamera yake kuukuu ikafa, na Mama Farhiya, jirani wa Kimbo anayemwozesha binti yake huyo, akabisha mlangoni.

"Alikataa hata kuketi," anakumbuka Mwanarusi. "Akaniambia, 'Mama Salim, nataka uje. Lakini picha za msichana wangu zisionwe na mwanamume hata mmoja, kuanzia unapobonyeza mpaka zinapofika kwangu. Kama huwezi, sema sasa, tukae bila picha.'"

Ndiyo maana anahangaika na kamera tatu kwenye meza ya Tahir. Hii si kamera ya arusi moja tu. Anataka ndogo inayoingia mkobani, ya kazi ya kila siku, na pesa alizonazo ni zamu yake ya kupokea mchango wa chama, basi.

Kamera ya kwanza hutoa picha papo hapo kupitia mdomo wake. Hiyo ingemaliza shida, ila karatasi zake ni ghali na kila picha ni moja tu, haina nakala. Bi harusi ana shangazi Garissa, ana mama mkwe, ana dada, na wote wanataka nakala. Ya pili ni ya filamu, nyepesi, kila kitu inajifanyia, shilingi 2,800. Ya tatu ni hiyo ya dijitali, iliyotumika Dubai, shilingi 14,500.

Tahir ni mfanyabiashara, lakini hapa dhamira inamshinda. "Chukua ya filamu, Mama Salim. Picha ni safi. Hii nyingine, wallahi, picha zake ni za ukungu, na inakula betri kama jiko bovu na makaa. Labda miaka ijayo zitakuwa nzuri."

"Miaka ijayo Farhiya atakuwa na wajukuu," Mwanarusi anamjibu, na kufungua mkoba. Paa linalovuja la jiko lake litasubiri.

Kupata kamera kulikuwa nusu ya kazi. Picha za dijitali hutolewa kwa kompyuta, na Mwanarusi hakuwa amewahi kuigusa. Alimwendea Emmah, mwalimu katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Ruiru, ambaye chuo chake kina printa ya rangi.

"Mimi ni mtu wa kanisa, sikujua nywele zinaweza kuwa siri hivyo," anasema Emmah. "Lakini siri ya mtu ni siri. Nikamwambia tutafunga mlango."

Emmah ndiye aliyemwonya kwamba hata kompyuta hubaki na picha ndani yake baada ya kuzitoa. "Kumbe nayo ina tumbo," Mwanarusi alisema. "Basi tumbo hilo tulioshe mbele ya macho yangu." Wakakubaliana hivyo.

Majaribio hayakuwa matamu. Idah, jirani yake, alimwajiri kupiga picha za ubatizo wa mwanawe. Akapokea karatasi, akaipeleka kwenye mwanga, akaisogeza, akairudisha. "Mama Salim, mbona mtoto ametokea madoadoa?" Mwanarusi alichukua nusu ya malipo tu. Anakiri wateja wawili wa kanisani wamehamia kwa mwingine, na hawalaumu.

Siku ya arusi, mwandishi wa makala haya alifika Kimbo mapema na kuishia langoni. Ni mwanamume, kwa hivyo aliwekwa nje pamoja na Githae, mpishi aliyekodishwa, akapewa sahani ya pilau ili asilalamike. Hakulalamika. Kutoka ndani zilisikika ngoma, vigelegele, kisha vicheko vya ghafla, kisha kimya, kisha vicheko tena.

"Wanafanya nini hao?" Githae aliuliza akikoroga sufuria.

Mwanarusi alieleza baadaye. Wanawake waligundua kuwa wanaweza kujiona kwenye kioo na kuamua wenyewe. Huyu nimefumba macho, futa. Hapa shingo yangu ni nene, futa. Hii niachie. Nyanya mmoja alifutwa mara nyingi hadi akasema basi, huo ndio uso aliopewa na Mungu.

"Miaka yote nimepiga picha, hakuna aliyewahi kuniambia ipi ibaki na ipi iende," anasema. "Walikuwa wanangoja tu wanacholetewa."

Picha zilitolewa chuoni Ruiru mlango ukiwa umefungwa, moja baada ya nyingine, polepole. Ndung'u, mlinzi wa jengo, alibisha akauliza mbona hawatoki. Emmah alimjibu kuwa kuna mtihani. Mama Farhiya alizipokea picha kwa mkono wake, akaziangalia zote, akasema zina ukungu kidogo. Kisha akamkumbatia Mwanarusi. Tangu siku hiyo, familia mbili za Majengo zimeshamwita.

Lakini anayezungumzwa zaidi na Mwanarusi si Farhiya. Hayat alikuwa kwenye arusi hiyo pia. Kila mara kamera ilipogeukia upande wake alijifunika kwa kanga, naye Mwanarusi akampita bila kubonyeza. Wiki iliyofuata Hayat alifika nyumbani kwake Kimbo, peke yake, amebeba mfuko. Ndani yake mlikuwa na nguo yake ya arusi.

"Akaniambia, 'Anti, Adan ndiye amenituma. Anasema amechoka kuikumbuka siku ile kwa ubaya,'" Mwanarusi anasimulia. "Nikafunga dirisha. Akavaa. Nikampiga moja, akaitazama sana, nikamwuliza nifute? Akasema hiyo ibaki."

Mipango ya Mwanarusi sasa ni kuwekeza zamu ijayo ya chama kwenye printa yake mwenyewe, na kumfundisha kazi binti yake Nuru ili arusi zikigongana asikatae hata moja. Anaamini kamera hizi zitakuwa bora na rahisi, na siku hiyo ikifika anataka akina mama wa Thika na Ruiru wawe wanajua kwake ni wapi.

Picha ya Hayat bado imo kwenye kamera, inasubiri Emmah apate wino. Mwandishi aliomba kuiona, mara moja tu, ili aweze kuwaeleza wasomaji. Mwanarusi alizima kamera, akaiingiza mkobani na kufunga zipu.

"Sasa nikikuonyesha wewe," alisema kwa upole, "nitakuwa nimenunua kamera ya nini?"