Alama Nyekundu kwenye Sketi

Mwalimu wa michezo alinipa sketi ya binti yangu imefungwa kwa gazeti. Akasema polepole, "Mama, mtoto amekuwa mkubwa. Akae nje ya timu." Hapo uvumilivu ukaniisha. Niliifungua mbele yake nikainusa alama nyekundu iliyokuwa sehemu ya pajani. Ilinuka ngozi na rangi: mpira wa kriketi.

Miaka mingi nyuma nami nilikuwa wa umri wake, nyuma ya kituo cha petroli Mtito Andei. Baba na rafiki zake walikuwa wamezunguka redio, kwa sababu mrushaji wetu mkubwa wa kriketi alikuwa ametangaza kustaafu.

"Afadhali aende," dereva wa lori akasema. "Siku hizi watu wanataka sita tu, mpira upigwe hadi nje ya uwanja. Mrushaji ni wa kuchapwa."

"Wewe unajua nini? Yule angewatoa wapigaji hata leo!" Baba akanitupia mpira. "Njoo, mwiitu, binti yangu. Waonyeshe."

Nikausugua kwenye sketi jinsi alivyonifunza, upande mmoja ung'ae ndio upinde hewani. Rangi yake nyekundu ikabaki pajani, wote wakaikodolea macho. Walidhani ni damu. Shangazi akaja mbio kutoka jikoni akanifunga leso kiunoni. "Aibu gani hii mbele ya wanaume?"

Baba alijua rangi ile inatoka wapi. Akaongeza sauti ya redio. Sikurusha.

Leo nimesimama katika ofisi ya shule hadi barua yangu ikapigwa muhuri. Nimeandika: "Mtoto alikuwa akisugua mpira, kazi ya mrushaji. Na hata ingekuwa hedhi, hiyo si sababu ya kumtoa. Mwalimu amwombe msamaha mbele ya timu nzima, kwa sauti."