Mashine Iliyozima Kila Jumamosi

Kaka yangu hajawahi kukubali kwamba kitu kinaweza kuharibika chenyewe. Kwake yeye, nyuma ya kila kilichoharibika kuna mtu mzembe au mwongo. Miaka ile tulipokuwa tukicheza mbio za magari kwenye kompyuta, yeye akiwa Sugar Land, karibu na Houston, na mimi Garland, karibu na Dallas, kulekule Texas, mtu huyo nilikuwa mimi.

Tulianza kucheza baada ya baba kufa. Sisemi hivyo nionewe huruma. Nasema kwa sababu bila kifo kile huwezi kuelewa kwa nini wanaume wawili wazima, wenye wake na kazi, walikuwa wakiketi kila Jumamosi alasiri wameshika usukani wa plastiki. Baba aliugua Nakuru, akafa, akazikwa, na mimi sikwenda. Makaratasi yangu ya uhamiaji yalikuwa bado hayajajibiwa, na wakili aliniambia waziwazi kwamba nikitoka Marekani wakati ule, kurudi nisahau. Mke wangu alikuwa mjamzito. Kaka yangu alikuwa tayari na pasipoti ya hapa. Alipanda ndege baba angali hai, akakaa naye hospitalini, akamzika, akarudi Texas. Hakunipigia simu. Nilipompigia mimi, mke wake alipokea na kusema amelala, hata saa sita ya mchana.

Niliumia, na pia nilikasirika. Yeye alikuwa na haki ya kwenda na kurudi, halafu ananinunia mimi niliyefungiwa mlango? Lakini hasira haikunisaidia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kitu nilichokitaka. Alikuwa ameziona siku za mwisho za baba. Mama kwenye simu alikuwa akisema tu, "Alienda vizuri, mwanangu, alienda vizuri," kisha analia. Nilitaka kusimuliwa. Baba alisema nini? Alikuwa anakula? Alijua kwamba anaondoka? Hayo yote yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo amelala saa sita ya mchana.

Mchezo ndio uliotupatanisha, kama ni kupatana. Nilisikia kwa watu wa kanisa kwamba amenunua mbio za magari na anashinda kila mtu mtaani kwake. Nikanunua mchezo uleule, nikamwachia ujumbe kwenye simu kwamba namngoja barabarani. Alijibu kwa maneno machache: "Jumamosi saa tisa. Usilete kelele."

Siku hizo kupiga simu ya mkononi kulikuwa bure wikendi, kwa hivyo tuliweka simu kando ya kibodi, sauti ikiwa juu, tukazungumza huku tukiendesha. Mwanzoni ilikuwa matusi matupu. Nikikata kona vibaya aliniuliza nilinunua leseni wapi. Lakini baada ya mbio kadhaa, macho yake yakiwa barabarani, kitu kilikuwa kinamlegea, na kati ya kona moja na nyingine alianza kusimulia. Siku ya kwanza alisema baba alikuwa amekonda hadi saa yake ya mkononi ikamvuka kiwiko. Alisema hivyo kana kwamba anazungumzia hali ya hewa, akanipita upande wa kulia. Nilishika usukani, nikiogopa kwamba nikipumua kwa nguvu ataacha.

Hapo ndipo kompyuta yangu ilipoanza kuzima.

Kwanza vilitokea vidoti vya rangi, kijani na zambarau, vikatapakaa angani juu ya barabara. Kisha picha ikaganda, sauti ya injini ikakwama ikirudiarudia mlio mmoja wa kuudhi, na skrini ikawa nyeusi.

"Uko wapi?" kaka aliuliza kwenye simu.

"Imezima."

"Imezima ama umeizima?"

Niliiwasha tena, lakini alikuwa amekwisha kuaga. Jumamosi iliyofuata yakawa yaleyale. Alifika mahali ambapo daktari anamwita kando, na vidoti vikaanza. Iliyofuata, vilevile. Yeye na mashine yangu walihitaji muda uleule kupata moto, na sikuweza kumshawishi kwamba hiyo ni bahati mbaya tu.

"Nimekuobserve," aliniambia siku moja, kwa ile sauti yake ya mkubwa wa nyumba. "Nikiwa naongea upuuzi, machine iko sawa. Nikianza mambo ya mzee, inakufa. Hata tukiwa wadogo, ukianza kushindwa ulikuwa unasema umedungwa na mwiba."

"Nilikuwa nadungwa kweli!"

"Kila siku? Kwa lami?"

Basi nikaamua kwamba nitaitengeneza ile mashine hata ikibidi nisilale. Iliyokuwa inanisumbua ni kadi ya picha, kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta na kuchora kila unachokiona kwenye skrini. Yangu niliinunua ikiwa imetumika, kwa mwanafunzi aliyekuwa akihama Arlington, na hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Kifeni chake kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa ya soda, na kilipoamka asubuhi kilikoroma kabla ya kuzunguka.

Nilianza na programu. Nilizifuta zote zinazoiendesha kadi, nikaweka mpya, kisha nikaweka za zamani, kisha za zamani zaidi. Ilizima kwa zote bila ubaguzi. Nikafungua ubavu wa kompyuta na kukuta vumbi la zulia limejishona kwenye feni kama sufi ya mto. Nililipuliza lote kwa kopo la hewa, nikapiga chafya hadi mke wangu, ambaye alikuwa msaidizi wa wauguzi, akanipa dawa ya mafua. Nikaichomoa kadi, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, nikairudisha. Ilifanya kazi vizuri ubavu ukiwa wazi. Nilipofunga na kupanga kila kitu mahali pake, Jumamosi ikazima, kaka akiwa ameanza tu kusema, "Sasa ile siku ya mwisho..."

Kwenye ghala nilikofanya kazi kulikuwa na Mkongo mmoja aliyekuwa akiishi mtaa wa Vickery Meadow, mtu wa maneno mengi, aliyejulikana kwa kufufua kompyuta za watu wa kanisa lake. Nilimweleza. Alinisikiliza huku akifunga maboksi, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ndugu, iyo si carte. Ni alimentation ndiyo iko inakosa nguvu. Wewe badilisha ile boîte ya umeme tu, utaniambia."

Nikabadilisha kile kisanduku kinachogawa umeme. Kompyuta ikazima kwa nguvu mpya. Nilipomwambia, alisema basi lazima ni kadi, tena kwa uso wa mtu aliyekuwa akisema hivyo tangu mwanzo.

Nilichukia kila kitu wakati ule. Nilichukia kadi, nilichukia wakili, nilichukia ofisi iliyokalia makaratasi yangu, na nilimchukia kaka kwa kunifanya niombe hadithi ya baba yangu mwenyewe kama mtu anayeomba lifti. Mke wangu alishauri niende Houston kwa basi nikamwone ana kwa ana. Nilikwenda. Kaka alinikaribisha vizuri mno, akachoma nyama, akanionyesha nyasi zake, akawasha televisheni. Hakusema lolote kuhusu baba. Hakuweza, nadhani, akiwa ananitazama. Nilirudi na mabaki ya nyama kwenye karatasi ya alumini.

Kilichonifungua macho ni wageni. Watu wa ushirika wa kanisa walikuwa waje kwetu Jumapili, na mke wangu, kama kawaida ya wanawake wa kwetu, alikusanya vitambaa vyote vya kufuma nyumbani avifue: vya viti, cha televisheni, cha meza, na cha kompyuta. Kila nyumba ya Mkenya niliyoingia Garland ilikuwa na vitambaa hivyo, hata penye viti vya kuokotwa. Cha kompyuta alikifuma mama. Alikifuma matanga yakiendelea, wanawake wakiwa wamemzunguka, na kaka ndiye aliyekibeba kwenye sanduku lake na kukituma kwangu kwa mtu aliyekuwa akija Dallas. Mama alikuwa ameuliza vipimo kwa mke wangu kwenye simu. Kilikuwa kimetoshea kompyuta kama fulana, kimeshonewa kitambaa kingine kizito ndani ili vumbi lisipite, na nyuma kimeachiwa tundu dogo la nyaya tu. Kwangu mimi hicho ndicho kilikuwa kipande changu cha mazishi. Sikuwahi kufikiria kukitoa nikicheza, kama ambavyo huwezi kumvua mtu nguo kwa sababu anafanya kazi.

Alasiri ile, kitambaa kikiwa kwenye mashine ya kufulia, nilicheza peke yangu kujaribu. Nikamaliza mbio ya kwanza, ya pili, nikaendelea hadi mgongo ukaniuma. Hakuna kidoti hata kimoja. Jioni mke wangu alikirudisha kitambaa kikiwa kimepigwa pasi, kinanukia sabuni. Nilicheza tena, na punde anga ikajaa zambarau. Niliingiza mkono chini ya kitambaa na kugusa bati la kompyuta jinsi ninavyompima mtoto homa. Niliutoa haraka.

Nilikaa chini nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mama alikuwa ameifunika mashine yangu hadi ikashindwa kupumua. Feni ile kuukuu ingestahimili hewa ya kawaida, lakini ilikuwa inavuta moto wake yenyewe na kuurudisha. Miezi yote ile nilikuwa nikifunika mashine kwa heshima ya baba, na heshima hiyohiyo ndiyo ilikuwa ikimkata kaka maneno.

Mke wangu alitaka nimpigie kaka mara moja nimweleze. Nilikataa. Ningemwambia nini? Kwamba kosa ni la mama? Kwamba kile alichokibeba yeye mwenyewe kutoka matangani ndicho kilichokuwa kikizima simulizi? Namjua. Angesema, sasa umemaliza kumlaumu wakili, umefika kwa mama mjane. Nilikikunja kitambaa nikakiweka kabatini pamoja na mashuka, na nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulianza saa tisa kama kawaida. Alinishinda, nikamshinda, akasema gari langu linapendelewa. Kisha sauti yake ikashuka, nikajua tumefika. Alipunguza mwendo. Nadhani alikuwa akingoja mashine ife.

"Leo haizimi?" aliuliza.

"Nimeitengeneza."

"Kumbe." Alibadilisha gia. "Kumbe mtu akitaka, inawezekana."

Niliongeza mwendo. Barabara ilikuwa inapita kando ya ziwa, maji ya bluu yasiyo na wimbi, kadi yangu ikiyachora bila kasoro.

"Ile siku ya mwisho," alisema, "nilikuwa nimekaa kando ya kitanda. Kulikuwa na kiti kimoja tu. Tangu nitoke airport sijalala, miguu imefura. Mzee akafungua macho, akaniangalia, akasema, toka hapo. Nikafikiri ameniconfuse na mtu. Nikamwambia, baba, ni mimi. Akasema najua ni wewe. Toka kwa hicho kiti, ni cha mdogo wako, yuko njiani."

Gari langu lilipanda nyasi, nikalirudisha barabarani.

"Mama ndiye alimwambia uko njiani. Ndio atulie. So nikatoka. Nikasimama kwa ukuta. Nurse akitaka kukaa, mzee anamfukuza. Mimi nimetoka Houston, nimeacha kazi, nimelipa kila kitu, nimesimama kwa ukuta kama askari, na kiti kiko hapo, empty, chako. Mpaka akaenda. Hakuniangalia tena. Alikuwa anaangalia mlango."

Kona ilikuja, nikaikata sijui vipi. Nikamsikia akivuta pumzi, na sikujua kama analia au anajiandaa kuendelea.

"Kuna yale alisema mwisho kabisa," alisema. "Pia nikuambie?"

Nilitazama anga juu ya barabara nikitafuta kidoti kimoja tu, kijani au zambarau, popote. Kwa mara ya kwanza tangu niinunue kadi ile, nilitamani izime. Haikuzima.