Kichwa cha Tangazo la Haluwa

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, nilikuwa karani katika duka la kanga la Biashara Street. Tajiri wetu alikuwa amenunua kompyuta na kuiunganisha na simu, akanuia kuwauzia vitu vya Mombasa watu wetu walioko Maskati, Dubai na London: kanga, udi, haluwa. Kila bidhaa ilitaka ukurasa wake kwenye intaneti, na kila ukurasa ulitaka kichwa cha kumshika msomaji asipite. Kazi ya vichwa ilikuwa yangu. Mimi mzaliwa wa Mji wa Kale, insha zangu zilisifiwa tangu shule. Sikuona nani mwingine angeiweza.

Kisha akaajiriwa msichana wa Rabai, nje ya mji, kupokea simu. Mpole, Mkristo, hana maneno mengi.

Ramadhani ilipokaribia niliandika: “Haluwa Bora ya Mombasa, Tamu na Safi.” Tajiri akasoma, akajikuna sikio.

“Ni kweli yote haya,” akasema, “lakini sioni mtu akiinuka kitini.” Akamgeukia yule msichana, kwa mzaha tu. “Na wewe, dada, ungesemaje?”

Akafikiri kidogo. “Nyumbani wameanza kula bila wewe.”

Fundi aliyekuwa akishona mapindo ya kanga mlangoni alisimamisha cherehani. Tajiri akaacha mzaha. “Andika hivyo hivyo,” akaniambia.

Nikasema mwezi wa mfungo watu hufuturu, hawali tu ovyo, afadhali tuseme “wameanza kufuturu”.

“Usiguse hata herufi.”

Basi nikakipiga chapa kichwa cha mwenzangu kwa vidole vyangu mwenyewe. Maagizo yakaja mengi kuliko haluwa tuliyokuwa nayo. Bwana mmoja wa Maskati alituandikia kwamba alikisoma kazini, akafunga mlango wa ofisi ili asionekane akilia. Tajiri aliusoma ujumbe ule kwa sauti kwa kila mteja aliyeingia, na kila mara mimi nilipata sababu ya kwenda kupanga kanga nyuma.

Nyumbani nako sikupona. Nilimwonyesha mamangu lile tangazo nililolichapa karatasini, nikitumaini ataliona jambo la kawaida. Akaisoma, akanyamaza, akaiweka mapajani.

“Aloandika haya atujua,” akasema.

“Si wa huku, mama. Ni wa Rabai.”

“Basi ana mama.”

Nilikasirika usiku kucha. Miezi yote niliyoandika, mamangu hakuwahi kunyamaza kwa ajili ya neno langu.

Baada ya Idi nilimwalika yule msichana twende Mama Ngina, kando ya bahari. Tuliketi ukutani tukila mihogo ya pilipili, nikamuuliza maneno yale aliyatoa wapi. Nilitaka aniambie aliyasikia mahali.

“Jumamosi moja nilikwenda kwetu bila kuwaambia,” akasema. “Nikawakuta wameketi, wanakula, wanacheka. Mama alifurahi kuniona, alikimbia kutafuta sahani. Lakini nilikaa pale mlangoni kidogo kabla hawajaniona, dada. Hapakuwa na nafasi iliyoachwa wazi.”

Alifuta pilipili kwenye vidole, akatazama watoto waliokuwa wakikimbizana. Nilijua napaswa kumwonea huruma, na nilimwonea. Lakini chini ya huruma ile wivu ulikuwa palepale, umekaa vizuri zaidi. Mimi sikuwa nimelala hata juma moja nje ya nyumba yetu. Sahani yangu ilikuwako kila siku, na sikuwa na jambo kama lile la kuandika.

Mwaka uliofuata kampuni moja ya matangazo ya Nairobi ikamchukua. Tulimuaga kwa chai na mahamri. Nikadhani sasa nitapumua. Hata kiti chake hakijapoa, tajiri akaanza: “Nipe kitu kama kile cha mwenzako.” Niliandika, nikafuta, nikaandika. Siku moja nikampa kichwa cha kanga ambacho hata mimi nilikipenda. Akakisoma mara mbili, uso ukamchangamka.

“Amekutumia kutoka Nairobi?”

“Nimeandika mimi.”

“Ahaa,” akasema. “Kizuri.” Akaingia ndani kujibu simu.

Kanga ziliuzika sana. Mpaka leo nikikuta gazetini tangazo lenye maneno ya kumgusa mtu, huuliza kwanza kama ni lake, na nikishaamini kuwa ni lake, silimalizi.