Mkono wa Kushoto Haukufika

Dada yangu hufundisha piano akiwa amefumba macho. Anasema macho yana upendeleo: humsifu mtoto aliyekaa wima huku vidole vyake vinaharibu. Basi hukaa kwenye kiti cha pembeni, mikono kifuani, na mzazi anayepita dirishani hudhani mwalimu kachapa usingizi. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani, na meza yangu iko chumba cha pili. Kwa miaka kumi na tisa nimeshona sketi za akina mama huku nikisikiliza vidole vya watoto wao, na naweza kuapa kwamba dada halali.

Somo la kwanza ni limau. Mtoto haigusi piano mpaka ajue kuviringisha kiganja kana kwamba amefunika limau, na limau lenyewe hutoka jikoni kwangu bila hodi. Kisha kidole kimoja kimoja, juu ya meza tupu. Gumba lina nguvu lakini halina adabu. Cha shahada kinajiona. Cha pete ni mvivu wa kuzaliwa, hakiinuki mpaka jirani yake ainuke. Baada ya hapo kila mkono hujifunza peke yake, kulia kivyake na kushoto kivyake, ndipo iunganishwe.

Wengi huishia njiani hapo pa kuunganisha. Dada husema hawana subira. Au kucha zao ndefu, au wazazi wao, au unyevu umeingia kwenye piano. Yeye hajawahi kukosea tangu azaliwe.

Mwaka juzi mwalimu mmoja kijana alifungua darasa mtaa wa pili, na vinanda vya umeme vinavyowasha taa pale pa kubonyeza. Watoto wetu wakahamia huko mmoja mmoja. Tukabaki na wawili tu, mapacha wa miaka tisa, wasichana, ambao kila mtu aliwaita Mkubwa na Mdogo kwa sababu ya dakika sita. Mama yao, muuguzi asiyezungukazunguka, alisema wazi: "Mwalimu, wakipita mtihani wa mwezi wa sita, wanabaki kwako. Wakianguka, nawapeleka kwa wenzao." Hao wakiondoka, piano ingebaki kuwa ya kuwekea vitambaa, na dada yangu sijui angekuwa wa kuwekea nini.

Mapacha wale waligombana tangu mlangoni. Kiti kilikuwa kimoja, saa ya somo moja, na kila mmoja alitaka upande wa sauti nyembamba. Dada akawatenga kwa hekima: Mkubwa acheze mkono wa kulia, Mdogo wa kushoto, wiki ijayo wabadilishane. Wiki iliyofuata waligoma kubadilishana, kila mmoja ameshaupenda mkono wake. Dada akasema haidhuru, watabadilishana wakizoea. Wakazoea kweli. Muziki ukatoka safi, mkono mmoja ukiuliza na mwingine ukijibu. Dada alifumba macho akasikia mikono miwili, na kwa kuwa ilikuwa miwili kweli, akaridhika. Miezi saba ikapita. Hata mimi niliacha kushona nikasikiliza, kwa hiyo sina haki ya kucheka sana.

Siku ya mtihani tulikaa kwenye benchi la korido: mama, dada, mimi na watoto katikati. Mlango ukafunguliwa, mtahini akasoma karatasi yake, akasema, "Mmoja mmoja."

Dada akawatazama mapacha, mmoja kisha mwingine. Mkubwa akaingia.

Tukasikia mkono wa kulia ukipanda, laini, bila kosa. Ukafika mahali pa kujibiwa, ukasimama. Kimya. Pale kwenye benchi, Mdogo alikuwa anajibu juu ya magoti yake, vidole vyote vitano, kila kimoja mahali pake. Mle ndani hakuna aliyemsikia. Mkono wa kulia ukasubiri kidogo, ukaendelea, ukasubiri tena. Kisha zamu ya Mdogo ikaja, na tukasikia nusu iliyobaki.

Mtahini alikuwa mtu wa haki. Kwenye karatasi ya Mkubwa aliandika: mkono wa kulia, bora sana, mkono wa kushoto, haukufika. Kwa Mdogo akageuza, na wote wawili wakaanguka.

Mama alisoma mara mbili. "Niambieni ukweli," akawauliza. "Mkija kwa mwalimu mnafanya mazoezi, au mnacheza tu?"

Watoto wakatazama sakafu. Mkubwa akaanza kulia, na Mdogo akamfuata. Kumbe dada angenyamaza tu yangeisha. Lawama ilikuwa imeshapata wa kuibeba, wawili, wenye viatu vya shule. Nikamwangalia, nikingoja habari za unyevu.

"Mama Pacha," akasema, "wanao wamefanya kila nililowaambia. Kosa ni langu."

Maneno hayo nimeyangojea tangu tukiwa tunalala kitanda kimoja, na nilikuwa nimejiandaa kuyafurahia. Sikuyafurahia hata kidogo. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya mbele za watu.

Mama alikunja karatasi, akashika mtoto huku na mtoto huku, wakaenda.

Wiki mbili dada alifuta vumbi kwenye piano kila asubuhi. Jumanne ya tatu Mkubwa akaja, peke yake, na ujumbe wa mama yake kwamba Mdogo atakuja Alhamisi. Akaketi. Mkono wa kulia ukaenda vizuri. Wa kushoto ulipoingia, wimbo wote ukasambaratika. Piano ile haijawahi kuteswa namna hiyo. Nikasimamisha cherehani.

"Nimekosea, Mwalimu," mtoto akasema.

"Ndiyo," dada akajibu. "Hata mimi. Haya, rudia."