Kanyaga, Mama

Protus Shitanda alikuwa amewaendesha wakubwa wa Serikali kwa miaka tisa bila kugonga hata kuku, na sifa hiyo aliitangaza kila alipopata nafasi. Gari lake mwenyewe, dogo la kijivu, alilinunua kwa mzungu mmoja wa misitu aliyefunga virago baada ya Uhuru. Kwa hiyo ilikuwa aibu ya aina yake kwamba asubuhi ya sikukuu ya Jamhuri, mwaka wa 1964, gari hilo lilikuwa limeinuliwa kwa jeki nyuma ya nyumba yake Khayega, gurudumu moja la nyuma limelazwa kwenye majani, na breki hazifanyi kazi.

Alikuwa amebadilisha mpira uliokuwa ukivujisha mafuta ya breki. Kazi yenyewe ni ndogo. Taabu ni kwamba ukishafungua pale, hewa huingia kwenye mabomba, na hewa ikiwa ndani unakanyaga pedali mpaka chini na gari linaendelea na safari yake. Kuitoa kunataka watu wawili. Mmoja hukanyaga na kushikilia. Mwingine, huku gurudumuni, hufungua skrubu ndogo, hewa ikatoka pamoja na mafuta, kisha huifunga kabla mwenzake hajainua mguu. Mguu ukiinuka mapema, hewa hunyonywa upya, na mnaanza tena. Cleophas, rafiki yake, alikuwa ameahidi kuja kukanyaga. Saa hiyo Cleophas alikuwa Kakamega mjini, akipeperusha kibendera.

Khayega nzima ilikuwa huko. Mabasi yalikwenda alfajiri, maduka yalifungwa, hata jirani yao Jescah, ambaye hakupenda kelele, alivaa viatu akaenda. Waliobaki pale nyumbani walikuwa Protus, mkewe Namalwa mwenye mimba ya miezi minane, na mama yake Namalwa, Mama Khalayi, aliyefika Alhamisi kutoka Bungoma na kuku na unga wa wimbi.

Huyu mama ndiye aliyekuwa mtihani. Kwao Bungoma mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, hawali nyumba moja. Alilala kwa Jescah. Protus akipita uani, yeye alijifunika leso na kugeukia migomba. Likiwapo neno la lazima, lilipitia kwa Namalwa.

Saa tatu Namalwa aliita mara moja tu, kwa sauti ambayo Protus aliijua. Alimkuta kwenye mkeka mlangoni pa jikoni, ameshika tumbo, na damu imelowesha leso. Ndivyo ilivyoanza na yule wa kwanza, mwaka juzi. Walichelewa, na sasa kulikuwa na kaburi dogo upande wa shamba la mahindi.

Hospitali ilikuwa mjini, zaidi ya maili tano, na kabla ya kuufikia mji kuna mteremko mkali unaoishia kwenye daraja jembamba. Breki ya mkono ilikuwa imekatika waya tangu Oktoba. Kushuka pale bila breki ilikuwa sawa na kumtupa Namalwa mtoni kwa mikono yake mwenyewe.

"Namalwa," alisema, macho chini, "mwambie mama aingie garini, akae penye usukani."

"Mama, anasema ukae penye usukani."

Mama Khalayi alivua kandambili, akaingia, akageuza uso upande wa pili. Protus alilala chini nyuma ya gari, spana mkononi, bakuli la bati chini ya skrubu. Angalau hawakuonana.

"Mwambie abonyeze ile ya katikati, mara tatu."

"Mama... ya katikati. Tatu."

"Mwambie..." Protus alingoja. Namalwa hakujibu. Alikuwa amefumba macho, anahema.

Sasa ilimbidi aseme mwenyewe. Neno lenyewe ni kanyaga, na hilo watu huwaambia wanaoponda udongo wa kukandikia nyumba. Utamwambiaje mama mkwe? Akatafuta neno laini, na hapo ndipo alipokosea, huyu bwana wa miaka tisa bila kugonga kuku.

"Bonyeza kidogo, Mama. Eeh. Sasa wacha hapo hapo."

Alifungua skrubu. Mafuta yalitoka na povu, kisha yakanyonywa kurudi ndani kwa mlio mwembamba. Akafunga haraka. Alijaza mafuta mapya kule mbele, wakaanza tena. "Wacha hapo, Mama." Povu, mlio, hewa. Mara ya tatu. Mara ya tano. Kopo la mafuta lilibaki robo, na hakukuwa na duka wazi hata moja. Namalwa alilia kidogo, halafu akanyamaza, na Protus aliogopa ule ukimya kuliko kilio. Alitaka kupiga kelele, lakini hakukuwa na mtu aliyeruhusiwa kumpigia.

"Baba," sauti ilitoka garini, ya chini. Tangu amwoe binti yake, ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. "Mbona hii kitu inazama tu?"

"Mama, naona kama unaondoa mguu."

"Si wewe unasema wacha! Mtu akisema wacha, si tunawachanga?"

Protus alibaki na spana hewani. Alimaanisha auache mguu pale pale. Mama aliuondoa, kwa utii kabisa, kila mara. Adabu yake ndiyo iliyokuwa ikiingiza hewa.

"Huyo Cleophas mlikuwa mnamngojea, unamwambianga nini?"

"Siwezi kukuambia hilo, Mama."

"Protus!" Alimtaja jina, kitu ambacho hakifanywi. "Mtoto wangu anakufa pale kwa mkeka. Sema!"

"Kanyaga!" Lilimtoka kama tusi. "Kanyaga, Mama! Tena! Tena! Shikilia, usiinue mguu hata nikifa!"

"Nimeshikilia!"

Povu lilitoka. Akafunga. "Inua! Kanyaga!" Viputo vikapungua. "Kanyaga!" Mafuta yakatoka safi, mstari mmoja mwembamba, na kopo likawa tupu.

"Imekuwa ngumu," mama alisema. "Imekataa kushuka."

Protus alirudisha gurudumu. Walimbeba Namalwa pamoja, yeye mabegani, mama miguuni, nyuso karibu kugusana, na hakuna aliyekumbuka kugeuka.

Kwenye mteremko alipunguza gia na kuweka mguu kwenye breki. Daraja lilikuja mbio. Nyuma yake alisikia kishindo cha kisigino kwenye sakafu ya gari. "Kanyaga, baba," mama alikuwa akisema, kichwa cha binti yake kikiwa mapajani, naye akikanyaga sakafu tupu kwa nguvu zake zote. "Shikilia. Shikilia hapo." Pedali ilishika. Walivuka daraja polepole.

Alasiri, ngoma zikisikika kutoka uwanjani, Protus alikuwa ameketi kwenye baraza ya hospitali, mikono bado ina mafuta. Mama Khalayi alitoka. Alipomwona alivuta leso usoni, akageukia nguzo ya baraza. Hapakuwa na mtu mwingine pale.

"Mwambieni mkwe wangu," aliiambia nguzo, "ni msichana. Mdogo sana, lakini analia. Na mama yake ameomba uji."

Protus aliinamisha kichwa. Alilia waziwazi, bila kujificha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimtazama. Kisha naye akaigeukia nguzo.

"Mwambieni mama," alisema, "sasa anaweza kuinua mguu."